Masomo ya Chuo na Mafunzo ya Urubani: Lipi Litangulie?

Kijana wa Msata aliyehitimu kidato cha sita na kutamani kurusha ndege za abiria hukabiliwa na njia mbili: shahada ya chuo na leseni ya urubani. Njia hizo zaweza kwenda pamoja, iwapo utaratibu utazingatiwa.

Kwanza, afya. Rubani wa biashara hupimwa kwa daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mzazi asiuze shamba kabla ya majibu kutoka.

Pili, viwango. Kimataifa, leseni ya rubani binafsi huhitaji umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Ya biashara, miaka 18 na saa 200, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Ya juu, ya rubani kiongozi wa ndege kubwa, miaka 21 na saa 1,500.

Tatu, ratiba. Nadharia ya hali ya hewa na sheria za anga husomeka jioni, muhula ukiendelea. Saa za kuruka ziwekwe likizoni kwa mfululizo; anayeruka kwa nadra hurudia somo na kulilipia upya.

Shahada si sharti la leseni, lakini ni akiba endapo afya itamzuia rubani kuruka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege.

Kabla ya kulipa ada popote, mzazi athibitishe kwa TCAA kwamba chuo husika kina kibali.