Chumba cha baridi: kununua mashini ao kujenga cha makala?



Tomati zinaoza mbele mnunuzi afike, na katika mikutano watu wanaanza kuongea juu ya kukopa feza za kununua mashini ya baridi. Mbele ya kutia saini, tuangalie kwanza baridi inatoka wapi.

Frigo haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa inje. Weka mkono nyuma ya frigo yenye kufanya kazi: joto unalosikia pale, sehemu kubwa yake imetoka ndani. Huko Ulaya wanatumia mashini ya namna ileile kwa kupasha nyumba: inachota joto la hewa ya inje ao la udongo, inalisukuma ndani. Juu inahamisha joto tu, kilowati 1 ya umeme inaweza kuhamisha kilowati 2 ao 3 za joto. Ni nguvu nzuri, lakini umeme ukikatika kazi imesimama, na mlango usiofunga vizuri unakula mafuta ya jenereta bure.

Chumba cha makala kinafanya kazi kwa njia ingine. Unasimamisha kuta za waya mbili-mbili, unaacha nafasi ya santimetre 10 katikati, unaijaza makala na kuyalowesha kila siku. Upepo ukipita, maji yanageuka mvuke na kubeba joto. Kiweke chini ya kivuli, pahali pa upepo.

Lakini kinataka hewa kavu. Kuna kipimo ambacho hakuna mutu wa kuuzisha atawaonyesha: tafuteni termometre mbili, mfunge moja kwa kitambaa chenye maji, mzipeperushe kivulini dakika tano, kisha msome. Tofauti kati yazo ndiyo baridi ya juu kabisa ambayo makala yanaweza kuwapa. Ikiwa ni digri 8, jengeni. Ikiwa ni 3, muache. Mpime saa za muchana, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua pia, juu bonde la Ruzizi katika mwezi wa saba haliko sawa na Masisi yenye ukungu.

Angalieni pia zao lenyewe. Tomati haipendi chini ya digri 10, kwa hiyo frigo kali inaiharibu, makala yanaitosha. Lengalenga na kabichi pia yanazisaidia. Maziwa ni mambo mengine: yanataka digri 4, na haraka, kisha kukamuliwa. Hapo makala hayawezi, na deni la mashini linaweza kuwa na maana kama maziwa yanafika kila siku.

Na mbegu ya viazi? Msiifungie gizani wala kwenye frigo. Iweke juu ya vitanda vya mbao, pahali pa mwangaza bila jua kali, ili machipukizi yatoke mafupi na magumu. Viazi vya kula tu ndivyo vinakaa gizani, juu vikigeuka kijani vina sumu.