Je, ni kosa kumwambia mvutaji azime sigara?

SWALI: Msomaji wa Nairobi anauliza: mtu mzima akiwasha sigara ndani ya matatu, je, ni utovu wa adabu kumwambia aizime?

JIBU: Hata kidogo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, ya mwaka 2007, inakataza kuvuta sigara katika magari ya abiria, kwa hiyo anayelalamika ana haki kamili.

Hata hivyo, wengi hunyamaza. Kijana aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa huona heri afungue dirisha kuliko kumkosoa mzee mbele za watu. Ustaarabu huo ni mzuri, lakini moshi hauujali: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa sigara za wengine huua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka. “Samahani mzee, moshi unamuumiza mtoto,” inatosha. Akikaidi, aambiwe kondakta.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mvutaji wa miaka mingi kwa kawaida anayajua madhara. Nikotini ndiyo iliyomfunga. Kumsuta mbele ya wageni humfanya avute kwa kificho tu. Aulizwe faraghani kama amewahi kufikiria kuacha, kisha asindikizwe kwa daktari, maana vibandiko vya nikotini na ushauri nasaha huongeza uwezekano wa kufaulu.