SAMAKI GANI?
(Somo la msamiati nililolipata chomboni, Lamu)

 Nina deni, nalo nimekuja kulilipa katika kurasa hizi za jarida letu.

Mtakumbuka kwamba muhula wa tatu tuliandikishwa insha juu ya mlo tusioweza kuusahau. Mimi mwana wa Kitale, niliyelelewa kwa ugali na sukumawiki, nikaona heri nijigambe. Nikaandika habari za pwani, mahali ambapo sikuwa nimewahi kutia mguu. "Tulikula samaki watamu sana wa baharini, tukafurahi ajabu," ndivyo nilivyoandika. Insha ikarudi na alama 7 kati ya 20, na chini yake wino mwekundu: "Samaki gani? Kapikwaje? Nani kampika?" Mwenzangu wa dawati akaisoma kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko. Wallahi siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi Desemba ilipofika, mjomba wangu ambaye ni mwalimu kule Lamu akaniita nikakae naye likizoni. Akaniahidi safari ya mashua, kutoka Lamu hadi Faza katika kisiwa cha Pate, kwa tanga. Nilifurahi, lakini moyoni nilikuwa na hofu moja: nitakula nini? Vidudu vya baharini mimi sili! Kwa hiyo asubuhi ya safari nikazunguka duka baada ya duka nikitafuta mikate na biskuti, huku watu wakiningoja gatini.

MAJI HAYANGOJI MTU

Hapa ndipo somo la kwanza lilipoanzia. Kwenda Faza, vyombo vingi hupitia Mkanda, mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Mfereji huo hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Nahodha alikuwa amesema tuwe tumepita saa tatu asubuhi. Kwa sababu ya mikate yangu, tulifika pale yapata saa tano unusu, maji yakiondoka mbio.

Tena zilikuwa siku za maji mafu. Msomaji, tofautisha maneno haya mawili. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni yale ya mwezi nusu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Basi siku hiyo hata kujaa kwenyewe kulikuwa haba.

Mabaharia wawili wakashusha tanga, wakasukuma kwa pondo, wapi! Saa sita mchana chombo kikakaa topeni, tukawa tumepwelewa. Kupwelewa ni kuachwa na maji mahali pakavu. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nahodha, mzee wa makamo, alinitazama tu akasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Nikaruka mbio kutafuta ndoo. Nikaiona karibu na usukani, nikamletea kwa mikono miwili na adabu zote. Wakacheka hadi mjomba akashika mbavu. Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo"! Alikuwa ananiita nikae kivulini. Mjomba akanifafanulia: nj yetu ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa nd kwa Kiamu. Njaa ni ndaa, njia ni ndia. Nayo ch mara nyingi huwa t: mchuzi ni mtuzi, mchanga ni mtanga. Maji ni mai. Na samaki? Samaki ni neno lililotoka Kiarabu. Lile la Kibantu walilo nalo Waamu ni nswi.

MAREJEO NGAMANI

Njaa ikanikaba. Nikautafuta mkoba wangu wa mikate. Mashua ina omo, yaani mbele, na ina tezi, yaani nyuma. Nilienda omo, sikuuona. Nikaenda tezi, sikuuona. Mwishowe nikauona chini kabisa, ngamani, pale maji yanayovuja chomboni hukusanyika. Mikate ilikuwa imelewa maji ya chumvi, biskuti zimekuwa uji. Ile methali tunayoikariri darasani, Enda tezi na omo, marejeo ngamani, siku hiyo niliielewa kwa tumbo.

Baharia mmoja akashuka topeni na kijiti chenye ndoana ya chuma. Akakichokoa katika mashimo baina ya mizizi ya mikoko, na baada ya muda akamvuta kaa mkubwa mwenye magando kama koleo. Akampindua tumboni, akanionyesha: kaa dume ana kifuniko chembamba, jike ana kipana cha mviringo. Wawili wadogo aliwarudisha shimoni mwao. Wanne wakubwa wakaingia sufuriani.

Jiko la chomboni nalo ni elimu. Ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu ya mchanga huwekwa jiko la makaa ili moto usiufikie ubao. Kaa walichemshwa kwa maji na chumvi, wakakamuliwa ndimu, basi. Hakuna royco, hakuna mafuta. Nikafumba macho nikaonja. Nyama yake nyeupe ilikuwa na utamu kama wa mahindi machanga ya kwetu yaliyochemshwa saa ile ile yalipovunjwa shambani. Nikaomba gando la pili.

DUA LA NDOANA

Saa kumi na mbili jioni chombo kikaelea tena, tukatoka Mkanda na kutia nanga ghubani. Ng'ambo tuliona taa za bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi mwaka 2021. Nahodha alisema tangu kuchimbwa kwake wavuvi huenda mbali zaidi kuliko zamani. Mjomba akaongeza kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Tukashusha mishipi yenye ndoana na chambo. Samaki wa kwanza niliyemvua mwenyewe alikuwa changu, mdogo kama kiganja changu. Nilipiga kelele za furaha! Nahodha akamtoa ndoana polepole, akamrudisha majini. "Huyu aende akakue," akasema. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Mimi nikanung'unika kimoyomoyo: sisi watu watano, sufuria tupu, na chakula anakitupa? Nikathubutu kumwuliza, "Nahodha, na tukikosa kabisa?"

"Tukikosa, tutakula wali na ng'onda," akanijibu. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. "Lakini nikimla huyu leo, mjukuu wangu atavua nini?"

Sikuwa na jibu. Tulingoja hadi karibu saa tatu usiku, ndipo wakapatikana changu wawili wakubwa. Mjomba akanifundisha namna ya kumtambua samaki aliye mbichi kweli: jicho lake hung'aa na kutokeza nje, mashavu ni mekundu, na nyama ukiibonyeza hurudi mahali pake. Jicho likizama na kuwa na ukungu, mwache.

Sasa mwalimu wangu mpendwa, jibu la swali lako ni hili. Samaki ni changu. Aliyempika ni baharia yule yule wa kaa. Upishi wake huitwa samaki wa kupaka. Alimpaa magamba, akamtoa matumbo, akamchanja ubavuni, akampaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kisha akambanika juu ya makaa. Mimi nilipewa mbuzi, si mnyama, bali kile kigoda chenye chuma cha kukunia nazi. Nazi ikakamuliwa kwa kifumbu: tui zito likabaki la mchuzi, tui jepesi likapikia wali, machicha yakatupiwa samaki wadogo tuliowarudisha. Tui zito likachemshwa na ukwaju na bizari hadi likawa zito kama uji, akapakwa changu huku na huku. Tulikula kwa mkono kutoka sinia moja, mbalamwezi ikitumulika.

KITALE KUMBE NI NAZI

Kesho yake kaskazi ilivuma usoni, ikabidi tubishe. Kubisha si kukataa neno tu. Ni pia kwenda upogoupogo, kushoto kisha kulia, ili kuushinda upepo wa mbele. Tulifika Faza alasiri, tukakaribishwa kwa wakwe za mjomba na maembe, mahamri na mbaazi za nazi. Bibi wa nyumba akanifunza umri wa nazi: kwanza kidaka, halafu kitale, halafu dafu, koroma, na mwisho nazi. Niliposikia kitale nikaruka, "Ndiko kwetu!" Mji wetu haukupata jina kwa mnazi, lakini bibi yule aliniita Kidaka tangu hapo, akidai bado sijafika kitale.

Ndugu zangu, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekunjwa ningali mbichi. Nilidhani chakula kizuri ni kile unachokibeba mkobani, na insha nzuri ni ile yenye "sana" nyingi. Sasa kila ninapoandika "samaki", nausikia wino mwekundu ukiniuliza, nami nina jibu. Wewe usingoje likizo ya baharini. Kwenu kuna mboga ngapi huzijui majina? Nenda jikoni ukamwulize nyanya.

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya bamvua na maji mafu.
2. Tunga sentensi mbili kudhihirisha maana mbili za "bisha".
3. Andika kwa Kiswahili sanifu: ndaa, ndia, mtuzi, mai.
4. Taja hatua tano za nazi kwa mfuatano.
5. Je, ungekuwa wewe, ungewarudisha changu wale watatu majini? Toa sababu zako.