Ufadhili wa Masomo ya Sheria: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwanafunzi wa sheria anayeweza kukariri kanuni za mikataba usingizini ndiye huyohuyo anayejaza fomu ya ufadhili bila kusoma masharti. Fomu ile ni mwanzo wa mkataba. Ichukulie hivyo.

SOMA sifa za mwombaji kabla ya kugusa kitu kingine. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inadai shahada ya kwanza iliyokamilika na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, takriban miaka miwili. Wewe wa mwaka wa tatu unayekesha ukiandika insha zake, kalale.

TAZAMA karibu kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha sheria za Afrika Mashariki kilichoanzishwa 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani. Kimefadhili wengi katika uzamili na uzamivu. Pretoria nako kuna shahada ya uzamili ya haki za binadamu inayopokea wanasheria wa Afrika nzima. Lakini wengi wetu tunaona ufadhili si ufadhili mpaka upande ndege ya Ulaya.

USIITE mkopo ufadhili. Pesa ya Bodi ya Mikopo ya Tanzania, hata ile ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ni deni, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

USITUME hata shilingi kwa "wakala" anayekuhakikishia nafasi. Chevening haitozi ada ya maombi.

OMBA barua za wahadhiri mapema, na umpelekee kila mmoja matokeo yako, maelezo ya kozi na tarehe ya mwisho. Usimvizie mlangoni siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Atakuandikia, ndiyo, ila barua isiyosema lolote. Na usimwombe profesa mwenye jina kubwa asiyekujua kwa sura. Mhadhiri msaidizi aliyekusimamia katika mashindano ya kesi za kuigiza ana mengi zaidi ya kusema.

USIANZE maelezo yako kwa "tangu utotoni nilichukia dhuluma". Wasomaji wa maombi wamelisoma sana hilo. Kama ulijitolea kwenye msaada wa kisheria, eleza shauri moja la mirathi: mjane alikwama wapi, sheria ilimwangusha wapi, na kozi unayoomba itakupa nini cha kulirekebisha. Hapo ndipo maombi hushinda au kufa.

CHAGUA kozi zinazoelekea upande mmoja. Chevening inataka kozi tatu. Ukiweka sheria ya bahari, haki za watoto na hakimiliki, umeshajieleza kwamba hujui unachotafuta.

USIGHUSHI cheti wala barua. Ni jinai, na siku ya kuomba uwakili mwenendo wako utaulizwa.

SOMA sharti la kurudi nyumbani, tena kwa sauti. Anayesomeshwa na Chevening hutakiwa kurejea nchini kwake kwa miaka isiyopungua miwili. Wapo wanaolisaini huku tayari wamepanga kubaki, kisha wanataka waaminiwe na wateja. Kama huna nia ya kurudi, usiombe. Mwachie nafasi mwenzako.