Je, ubuyu huongeza damu?

Swali: Je, ni kweli kwamba kunywa juisi ya ubuyu huongeza damu?

Jibu: Unga wa ubuyu hauna madini mengi ya chuma, ambayo mwili huyahitaji ili kutengeneza damu. Faida yake ni vitamini C, iliyomo kwa wingi kuliko kwenye chungwa. Vitamini hiyo husaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde na mboga za majani. Kwa hiyo juisi ya ubuyu inywewe pamoja na mlo. Chai hufanya kinyume, hivyo isubiri saa moja hivi baada ya kula.

Unga ukorogwe katika maji ya kunywa yaliyopoa, kisha uchujwe, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C. Ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi ni kitafunwa tu.

Upungufu wa damu hutokana pia na malaria, minyoo ya safura, selimundu au hedhi nzito. Mwenye uchovu, kizunguzungu au viganja vilivyopauka apimwe damu kwanza, na vidonge alivyoandikiwa na daktari visiachwe kwa sababu ya ubuyu.