Besi: Namna ya Kuichukua Njiani na Kuikuza Sauti Yake

Katika vyombo vyote vya nyuzi vipigwavyo kwa upinde, hakuna kimtaabishacho mwenyewe kama fidla kubwa iitwayo besi. Ikisimama wima hufika kimo cha meta 1.80 au kupita, lakini uzito wake si mwingi, aghalabu kilo 10 au zaidi kidogo. Basi taabu yake si uzito, bali ni ukubwa wake pamoja na wembamba wa mbao zake. Tena sauti yake, ingawa ni nene, haifiki mbali penye watu wengi na vyombo vingi. Kwa hiyo mpigaji wa besi ana maswali mawili kila siku: Nitaifikishaje salama? Na ikifika, itasikiwaje?

Watu wengi huyatenga maswali hayo, nasi tulifanya vivyo hivyo. Tulipokuwa vijana tulichanga fedha mwaka mzima kwa ajili ya besi ya kikundi chetu. Fedha zilipopatikana tulinunua amplifaya kubwa, maana tulitamani kusikiwa. Hazikubaki fedha za mfuko. Tukaifunga besi kwa blanketi moja na kamba, tukailaza juu ya lori kifudifudi, tukaenda safari ya saa tatu. Tulipofika, amplifaya ilikuwa nzima, lakini shingo ya besi ilikuwa imevunjika pale inapoungana na mwili. Gharama ya fundi ilizidi bei ya mfuko mwema mara kadhaa, na kwa miezi mingi amplifaya ile kubwa ilikaa kimya pembeni, haina cha kukuza. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Twaliandika hapa ili wengine wasilirudie.

1. Tukijue chombo chenyewe

Mtu hawezi kukilinda asichokijua. Besi ina ubao wa mbele, mgongo, mbavu na shingo ndefu yenye vigingi vya kukazia nyuzi. Nyuzi zake nne hupita juu ya daraja la mti. Daraja hilo halikugundishwa kwa gundi. Limesimama kwa sababu nyuzi zalikandamiza. Ndani ya mwili, karibu na mguu mmoja wa daraja, kuna kijiti kisimamacho kati ya ubao wa mbele na mgongo. Nacho hakikugundishwa; kimeshikwa na mkazo tu. Waitalia na Wafaransa hukiita kijiti hiki kwa neno la lugha zao lenye maana ya roho, maana kikiondoka, sauti ya chombo hupotea.

Katika habari hiyo twapata amri mbili. Ya kwanza, usilegeze nyuzi zote kwa mara moja, daraja lisije likaanguka na kijiti kikaanguka pamoja nalo. Ya pili, ukisikia kijiti kimeanguka ndani, zilegeze nyuzi mara moja, usipige tena, upeleke chombo kwa fundi. Maana ubao wa mbele umekosa nguzo yake, nao waweza kubonyea na kupasuka.

Tena kuna besi za namna mbili. Nyingine mbao zake zimechongwa katika mti mzima. Hizo zina sauti njema, lakini huona upesi ukavu na joto. Nyingine zimetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya Kay ya Chicago, huko Marekani, ilianza kutengeneza besi za namna hiyo mwaka 1937, na nyingi zapigwa hata leo. Sauti yake si tamu kama ya mti mzima, lakini huvumilia safari. Mwenye kusafiri sana, na mwenye fedha chache, asione haya kuchagua ya tabaka.

2. Kuichukua njiani

Kitu cha kwanza cha kununua ni mfuko wenye sponji nene. Utazame mambo matatu. Je, sponji imezunguka pande zote, hasa penye daraja na shingo? Je, mishikio imeshonwa kwa mkanda uzungukao chini ya mfuko, au imeshikizwa juu ya kitambaa tu? Ya namna hii ya pili hung'oka, na chombo huanguka. Je, pana mshikio wa kati ubavuni, ambao mtu mmoja aweza kuchukulia mlangoni na kwenye ngazi? Upinde uwe na ganda lake mwenyewe, na manyoya yake yalegezwe kila baada ya kupiga.

Kitu cha pili ni gurudumu. Liko gurudumu dogo liingialo mahali pa mguu wa chuma chini ya besi, na mpigaji akatembea nayo kama mtu amwongozaye mtoto. Lafaa sana penye njia laini. Lakini penye mawe na kwenye ngazi liondoe, uichukue besi kwa mikono, maana kila tikiso hupanda moja kwa moja mpaka kwenye mbao.

Katika gari, ilaze kwa ubavu juu ya blanketi, shingo ikielekea mbele. Kamwe usiilaze kifudifudi, maana hapo uzito wote hulemea daraja. Wala usiweke mzigo wowote juu yake. Tena usiiache katika gari lililofungwa juani. Gundi ya fundi wa fidla hutengenezwa kwa ngozi za wanyama, nayo hulainika kwa joto. Viungo vitaachana ukiwa umekaa kivulini unakula. Ukavu nao ni adui: hewa yenye unyevu wa kadiri ya asilimia 40 hata 60 ndiyo inayoufaa mti. Ukiona ufa mdogo, mpelekee fundi siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa safari ya ndege mfuko hautoshi. Lahitajika kasha gumu. Lakini kasha lenyewe ni zito, na pamoja na besi aghalabu hupita kilo 32, ambazo ndizo mpaka wa mzigo mmoja katika mashirika mengi ya ndege. Kwa hiyo mafundi wengine hutengeneza besi ambayo shingo yake huondolewa na kurudishwa, nayo huingia katika kasha dogo. Msafiri aulize shirika kabla ya kununua tiketi, asingoje kubishana uwanjani.

3. Kwa nini sauti yake haifiki mbali

Uzi mnene wa besi hutetemeka kadiri ya mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo katika hewa lina urefu wa meta 8 na zaidi. Mwili wa besi, ingawa twauona mkubwa, ni mdogo sana mbele ya wimbi hilo, wala hauwezi kuisukuma hewa sawasawa. Twaisikia besi kwa sehemu kubwa kwa sababu kila uzi hutoa pia sauti nyingine za juu, na sikio likizisikia hizo hujikamilishia ile ya chini.

Watu wa bendi za dansi huko Marekani waliijua shida hii mapema. Mwaka 1946 Everett Hull, mpigaji wa besi, alikuwa ametia maikrofoni ndogo juu ya mguu wa chuma, ikaingia ndani ya mwili wa besi. Jina la kampuni yake, Ampeg, limetokana na maneno yenye maana ya kigingi chenye kukuza sauti. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme, ambalo mtu huweza kulitia begani na kuondoka. Wapigaji wengi waliiacha besi ya mti kwa sababu hiyo. Lakini haikufa, maana sauti yake, ianzayo kwa pumzi na kufifia polepole, gitaa halikuweza kuitoa.

4. Kuinasa sauti

Siku hizi ziko njia tatu. Ya kwanza ni maikrofoni mbele ya besi, au ndogo ifungwayo karibu na daraja. Hutoa sauti ya kweli kuliko nyingine zote, lakini husikia pia ngoma na waimbaji walio karibu. Ya pili ni kinasa kidogo cha piezo kibanwacho kwenye daraja, ambacho hugeuza mtetemo wa mti kuwa umeme. Hicho ndicho kitumikacho zaidi, kwa kuwa hakisikii jirani sana. Ya tatu ni kinasa cha sumaku, nacho hufaa kwa nyuzi zenye chuma tu. Mwenye nyuzi za utumbo asikinunue.

Wenye piezo wengi hulalamika ya kuwa sauti ni nyembamba, yakwaruza kama bati. Mara nyingi kosa si la kinasa. Umeme wa piezo ni dhaifu sana, ni kama kisima chenye maji machache: ukikitia bomba pana hukauka mara. Ukiuchomeka waya wake moja kwa moja katika meza ya kuchanganyia sauti, sauti za chini ndizo zipoteazo kwanza, na hizo ndizo besi yenyewe. Dawa yake ni kijisanduku kiitwacho priamplifaya, chenye mlango wa ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Wengi hupendelea 10. Kisanduku hicho ni kidogo na chepesi, lakini huisaidia sauti kuliko amplifaya mpya.

5. Amplifaya na mvumo

Katika kuchagua amplifaya watu hudanganywa na hesabu ya wati. Hudhani wati 200 ni sauti mara mbili ya wati 100. Sivyo. Nyongeza hiyo ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni. Ili sauti isikiwe kama imezidi mara mbili, yahitajika nguvu kadiri ya mara kumi. Basi usiuze mbuzi wawili kwa ajili ya wati mia za juu. Tazama kwanza uzito. Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na kilo 30 au zaidi. Leo ziko zisizofika kilo 2, bila kuhesabu sanduku la spika. Mpigaji aliyekwisha kubeba besi ana mkono mmoja tu uliobaki; achague chombo ambacho mkono huo waweza kukichukua.

Adui wa mwisho ni mvumo. Sauti itokayo katika spika huingia tena katika mwili wa besi, hunaswa, hukuzwa, hutoka tena, mpaka nyumba yote ikavuma na watu wakaziba masikio. Kwanza, usisimame hata besi ikaikabili spika. Pili, inua spika juu ya kiti, iwe karibu na masikio yako, nawe hutahitaji kuongeza sauti. Tatu, chagua priamplifaya yenye kichujio cha kukata mitetemo iliyo chini ya sauti ya uzi mnene, na swichi ya kugeuza mwelekeo wa mawimbi. Mara nyingi swichi hiyo moja hunyamazisha mvumo. Nne, ziba matundu mawili ya ubao wa mbele kwa sponji. Tano, na hili ndilo gumu kwa vijana, punguza sauti.

6. Utaratibu wa kununua

Mkiwa na fedha za wote mikononi, nunueni kwa taratibu hii: kwanza mfuko, pili matengenezo ya fundi, daraja na kijiti vikae sawa, tatu kinasa, nne priamplifaya, tano amplifaya. Fedha zikiisha kabla ya la tano, hamkupata hasara, maana kinasa na priamplifaya vyaweza kuungwa na spika zilizomo ukumbini. Lakini mkianzia la tano, mtajikuta tulipojikuta sisi, na sauti kubwa isiyo na chombo. Tena andikeni katika daftari kila kitu na bei yake, ili waliochanga waone fedha zao zilikokwenda.

Besi ile yetu iliungwa. Alama ya gundi yaonekana mpaka leo pale shingoni, na kila kijana ajaye kujifunza twamwonyesha alama hiyo kabla ya kumfundisha sauti ya kwanza.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini haifai kulegeza nyuzi zote kwa mara moja?
2. Besi hulazwaje katika gari, na kwa sababu gani?
3. Piezo ikitoa sauti nyembamba, tutafute kosa wapi kwanza?
4. Kutoka wati 100 mpaka 200, sauti huongezeka desibeli ngapi?
5. Kikundi chenu kina nini sasa, na katika taratibu ile ya vitu vitano kimekosa kipi?