Kibofu Kinatulizwa Kifundoni

Mkojo unaokubana ghafla hadi uufikie mlango wa choo umeshalowa si lazima uwe ugonjwa wa kibofu chenyewe. Mara nyingi kasoro iko kwenye mawasiliano ya neva. Neva za kibofu na njia ya haja kubwa hutoka chini ya uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio. Neva inayopita nyuma ya jicho la mguu, upande wa ndani, ina baadhi ya mizizi yake hapo hapo. Ukiichokoza kwa umeme mdogo, ujumbe hupanda hadi mizizi hiyo na kibofu hupunguza papara.

Kabla ya kununua TENS, yaani mashine ya kutoa umeme huo mdogo kupitia ngozi, pima mkojo na sukari. Wanaume wacheki pia tezi dume. Mama anayevuja mfululizo tangu uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam wanaufanya.

Mtaalamu wa fiziotherapia akikuruhusu, osha mguu, ukauke, usipake mafuta. Kibandiko kimoja kiweke nyuma ya jicho la mguu, cha pili sentimita 10 juu yake. Tegesha mapigo 10 hadi 20 kwa sekunde, upana wa mikrosekunde 200. Ongeza nguvu taratibu huku ukitazama dole gumba: likijikunja, au unyayo ukianza kuwasha kwa ndani, umeipata neva. Ukisikia mchomo chini ya kibandiko tu, hujaipata. Zima, sogeza kidogo nyuma, anza upya. Kuongeza umeme hakutasaidia kitu. Kaa dakika 30.

Hospitalini, ambako hutumika sindano nyembamba, dozi ya kawaida ni mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kwa hiyo usihukumu tiba kwa siku tatu. Andika daftarini umekwenda haja mara ngapi. Ikishindikana, kipo kifaa cha kupandikizwa mgongoni, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997, lakini bei yake si ya mchezo.

Mjamzito, mwenye kifaa cha kuendesha moyo, kifafa, damu iliyoganda mguuni, kidonda au mguu uliokufa ganzi asijaribu nyumbani. Na mkojo ukigoma kutoka ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi au miguu ikilegea, achana na mashine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.